Mbwa mgeni, paka mwenyeji: wasipoelewana, anza kutafuta hapa

Mbwa uliyemchukua ana siku nne nyumbani. Paka hajashuka kabatini tangu juzi. Ulijaribu kuwakutanisha sebuleni ukaambulia mikwaruzo mkononi, na sasa unawaza kumrudisha mbwa alikotoka. Kabla hujafika huko, tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Mara nyingi utakuta chanzo ni kilekile kimevaa nguo tofauti: wanyama wameonana kwa macho kabla hawajajuana kwa pua.

Nasema hivyo kwa sababu nilifanya kosa hilohilo. Bobi alipokuja kwetu alikuwa mtu mzima tayari, mkimya kuliko mbwa wote niliowahi kufuga. Nilimwingiza sebuleni nikiwa nimeshika kamba. Chausiku, paka wetu, alikuwa juu ya friji. Bobi akasimama. Hakubweka. Alifumba mdomo, akainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kochi, akasema, "Mwanangu, hapa umepata mbwa. Ona alivyotulia, hata habweki." Hakuwa amemaliza sentensi kamba iliponitoka mkononi na ngozi ya kiganja. Kilichomwokoa Chausiku ni urefu wa friji, wala si akili yangu.

Kwanza jua uko hatua ya ngapi

Utaratibu wenyewe si mgumu, ila unataka subira. Paka anapewa chumba chake chenye mlango unaofungika, ndani kukiwa na chakula, maji, sanduku la mchanga, mahali pa kujificha na mahali pa kupanda. Mbwa anakaa upande mwingine wa nyumba. Unawabadilishia vitambaa, kila mmoja apate chenye harufu ya mwenzake. Kisha kila mmoja anakula upande wake wa mlango uliofungwa. Kisha wanaonana kupitia geti dogo la mlangoni, lile la kuzuia watoto. Kisha chumba kimoja, mbwa akiwa kwenye kamba. Mwisho kabisa ndipo kamba inaburuzwa sakafuni, wewe ukiwepo.

Wapo wanaomaliza haya kwa wiki moja, wapo wa miezi mitatu. Kalenda haisemi kitu. Hatua inayofuata inaruhusiwa na mnyama mwenye hofu kuliko mwenzake. Na dawa ya karibu kila tatizo hapa chini inaanza kwa kurudi hatua moja au mbili nyuma, jambo ambalo watu hulichukia sana kwa sababu wanaona kama wanapoteza kazi waliyokwisha kuifanya.

Mbwa anamkodolea paka macho, kimya

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na kwa kuwa haina kelele ndiyo inayopuuzwa zaidi. Tazama mdomo kwanza. Mbwa aliyestarehe mdomo wake umelegea, na akitembea mwili wote unayumba. Mbwa aliyeingia kwenye uwindaji hufumba mdomo, hushusha kichwa hadi usawa wa mabega, masikio yanaelekea mbele na uzito wote unahamia miguu ya mbele. Mkia usikudanganye: unaweza kuwa unatikisika, tena upesi, lakini ukiwa mkakamavu kama fimbo.

Chanzo ni silika. Uwindaji wa mbwa una mfuatano wake: kuona, kukodoa, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua. Binadamu amezikuza baadhi ya hatua hizo na kuzififisha nyingine kulingana na kazi aliyotaka. Ndiyo maana mbwa wa kuchunga kondoo hukodoa na kunyatia bila kuuma, na mbwa wa mbio hulipuka akiona chochote kinachokimbia. Hasira haimo kabisa ndani yake. Kwa hiyo usishangae kwamba mbwa anayevumilia watoto kumvuta masikio ni huyohuyo anayeweza kumuua paka, kisha akaja kukulamba mkono.

Pima hivi. Akiwa mbali, mwite jina mara moja kwa sauti ya kawaida. Akigeuka na kuchukua kipande cha nyama, mna pa kuanzia. Akigeuka lakini akaitema nyama au akarudisha macho palepale, mko karibu mno. Rudini nyuma, hata kama ni mpaka chumba cha pili. Akiwa hasikii kabisa, nyama inapita puani na yeye kama sanamu, mtoe, na siku hiyo usijaribu tena.

Zoezi lenyewe ni dogo. Kila anapomtupia paka jicho, kabla hajaganda, sema neno lako la sifa na umpe kitu. Usisubiri agande ndipo umwite. Ukichelewa sekunde tatu umeshaikosa. Dakika tatu hadi tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku. Utajua linafanya kazi siku atakapomwona paka kisha akakugeukia mwenyewe, kama mtu anayedai ujira. Tumia mkanda wa kifuani badala ya kola, na kamba iwe na ulegevu kidogo, maana kamba iliyokazwa muda wote humpandisha mbwa mori.

Kifunga mdomo cha muundo wa kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, kinafaa kwa mbwa wa namna hii, lakini afundishwe kukivaa kabla, paka akiwa hayupo. Na kisikupe ujasiri wa uongo: mbwa wa kilo thelathini anaweza kumvunja paka mbavu kwa miguu tu.

Mbwa anabweka, analialia, anavuta kamba

Ukilinganisha na ukimya ule, kelele hizi ni nafuu. Mara nyingi ni mhemko, hamu ya kucheza, au kukereka kwamba kuna geti katikati. Mbwa anayeshusha kifua chini akaacha makalio juu anaalika mchezo. Shida ni kwamba paka hakusoma shule hiyo. Mkia wa paka unaopigapiga huku na huku unamaanisha "niache", mbwa anauona kama furaha. Paka akilala chali, mbwa anadhani amesalimu amri, kumbe ndiyo kwanza makucha ya miguu yote minne yamepata nafasi.

Mchoshe pua kabla ya kikao. Matembezi ya kunusanusa kwa nusu saa humtuliza kuliko kumrushia mpira, ambao kwa mbwa wengi huongeza moto uleule wa kukimbiza. Funika nusu ya chini ya geti kwa shuka ili wasionane muda wote. Usimpige wala kumfokea: atajifunza tu kwamba paka akitokea, balaa linafuata. Akinguruma, usimkanye kwa kunguruma; msogeze mbali na paka. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma huacha kunguruma, hofu inabaki palepale, na siku nyingine huruka moja kwa moja kwenye kuuma.

Akishaanza kumfukuza paka, usikimbie nyuma yake ukipiga kelele, maana kwake umejiunga na msako. Kanyaga kamba anayoiburuza. Ndiyo sababu ya kamba hiyo kuwepo. Hili la kufukuza lizuie kwa nguvu zako zote tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kukimbiza kwenyewe ni tuzo: akifaulu mara tatu, umepata mbwa mwenye mazoea.

Paka amejificha na hali chakula

Kujificha siku moja au mbili ni kawaida. Kutokula si kawaida. Pima chakula unachoweka usiku na ukipime tena asubuhi, kwa sababu paka wengi hula nyumba ikilala, na usiamini macho peke yake. Paka aliyepitisha saa 24 bila kugusa chochote, mpigie simu daktari wa mifugo. Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili humiminikia kwenye ini na ini likashindwa kufanya kazi. Hapo hatuzungumzii tena tabia, tunazungumzia uhai.

Kama bado anakula kidogo, tafuta kinachomzuia. Bakuli liko njiani anakopita mbwa? Chumba chake kina kona tu na hakina mahali pa juu? Mtoe mbwa mbele ya mlango wake. Kulala kizingitini akinusa chini ya mlango ni kumzingira mwenzake, hata kama anaonekana anasinzia. Pasha chakula kidogo kiwe vuguvugu, harufu ipande. Kaa sakafuni na kazi zako, usimvute kutoka mafichoni.

Harufu ilete polepole. Mpanguse mbwa shingoni kwa kitambaa kisha ukiweke mwisho wa chumba cha paka, si chini ya bakuli lake. Paka akikizunguka kwa mbali, kiache palepale. Akikipita bila kukitazama, kisogeze karibu na chakula kesho. Mpe mbwa naye kitambaa ulichompangusia paka mashavuni. Paka ana tezi hapo, na harufu ya mashavu ndiyo anayoiacha kwenye vitu anavyovihesabu kuwa vyake.

Paka anatetemeka au anatikisika misuli

Hii si ya kuzoeana kabisa, lakini inatokea wiki ileile mbwa anapofika, ndiyo maana naiweka hapa. Mbwa mgeni hupakwa dawa ya viroboto na kupe. Dawa nyingi za mbwa za kudondoshea mgongoni zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu ambayo mbwa anaivumilia vizuri na kwa paka ni sumu kali, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Paka si lazima apakwe. Kulala kando ya mbwa aliyepakwa au kumlamba kunatosha. Atatetemeka, ngozi ya masikio na uso itachezacheza, atayumba, kisha degedege. Ni dharura ya saa hiyohiyo. Mpeleke kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa. Akiwa na fahamu na safari ni ndefu, daktari anaweza kukuelekeza kwa simu umwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, si ya moto.

Kinga ni kusoma lebo, au kumwambia anayekuuzia dawa kwamba nyumbani kuna paka kabla hajakufungia mzigo. Na usigawe dawa ya mbwa mkubwa "kidogo tu" kwa paka. Viroboto vinavyowasumbua wote wawili kwa kawaida ni vya aina moja, lakini dawa si moja.

Paka ameanza kukojoa kitandani

Usimkasirikie. Halipizi kisasi; kisasi kiko kwenye vichwa vyetu tu. Kitanda kinanuka wewe, na paka mwenye wasiwasi huchanganya harufu yake na iliyo salama.

Ondoa ugonjwa kwanza. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, anajilamba na hatoi mkojo au anatoa matone, njia yake imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo usisubiri kuche. Hata bila kuziba, msongo peke yake unaweza kumvimbisha paka kibofu pasipo mdudu yeyote.

Daktari akisema yuko salama, nenda kachunguze sanduku. Liko mwisho wa korido ambako mbwa anaweza kumbana? Lina kifuniko na mlango mmoja? Paka huona mtego pale ambapo wewe unaona faragha. Kanuni ya wafugaji ni sanduku moja kwa kila paka na moja la ziada, katika sehemu tofauti, kila moja likiwa na njia mbili za kutokea. Godoro lisafishe kwa dawa yenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo. Epuka yenye amonia. Puani mwa paka inafanana na mkojo mwingine.

Paka ndiye mchokozi

Paka anayetoa pumzi ya "khhh" na kupiga kofi moja la onyo hana kosa. Ameweka mpaka, na mbwa wengi huuelewa kuliko maneno yetu. Mwache. Tofauti ni paka anayemfuata mbwa, anayemvizia mlangoni, anayemzuia kufika kwenye maji. Huyo huenda ana maumivu, na paka mzee mwenye baridi yabisi ni mfano mzuri: kila mtikisiko wa mbwa mchanga ni tishio kwa viungo vyake. Au amewahi kuumizwa na mbwa mwingine. Daktari kwanza, kisha rudini kwenye mlango uliofungwa.

Usimbebe paka mikononi ili "asalimiane" na mbwa. Sijui nani alianzisha desturi hii. Unamnyima njia ya kukimbia, na atakapoamua kukimbia atatumia uso wako kama ngazi. Vivyo hivyo, paka aliyevimba mkia na mboni zikapanuka baada ya vurugu, usimguse hata kumbembeleza. Hasira aliyokusudia mbwa itaishia mkononi mwako. Zima taa, funga mlango, mpe saa kadhaa.

Mpunguze paka ncha za makucha kabla ya mikutano ya chumba kimoja. Mbwa aliyefumba jicho moja na machozi yanamtiririka baada ya kofi, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Mkwaruzo kwenye kioo cha jicho haungoji.

Mbwa anakula chakula cha paka, na mavi yake

Mbwa wengi hufanya hivyo na hawana ugonjwa wowote. Chakula cha paka kina protini na mafuta mengi, na mavi yake yananukia kama chakula hichohicho. Tumbo litavurugika, minyoo itahama, na mchanga ule unaoganda unaweza kuvimba ndani ya utumbo. Weka bakuli juu na sanduku nyuma ya geti lenye tundu la kupita paka tu. Kinyume chake nacho kisikubalike kuwa mazoea: paka hawezi kuishi kwa chakula cha mbwa, kwani anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini ndani ya mlo wake, na akikikosa kwa muda mrefu moyo na macho huharibika.

Walikuwa wanapatana, ghafla wameharibikiwa

Jiulize nini kimebadilika. Mbwa aliyehamishiwa nyumba mpya mara nyingi hujikunyata wiki za kwanza. Watu husema "ni mtulivu", kisha wiki ya tatu au ya nne anajihisi yuko kwake na tabia zake halisi zinatoka. Hajaharibika. Ndiyo kwanza mnakutana. Anzeni upya kwenye geti, safari hii mtakwenda upesi zaidi.

Kama mbwa alikuja mtoto, amefika ujana na uzito umeongezeka mara tatu. Kama paka ametoka kwa daktari, amerudi na harufu ya watu wengine. Mtenge saa kadhaa kabla ya kumrudisha. Kama ugomvi hutokea mahali palepale, angalia panapogombewa: mlango mwembamba, miguu yako jioni, bakuli. Na kama ndani wanapatana lakini uani mbwa anamkimbiza, hilo ni jambo la kawaida mno. Nje paka hukimbia, upepo una harufu nyingine, na mbwa hachukulii sheria ya sebuleni kuwa sheria ya uani. Uani uhesabiwe kama mkutano wa kwanza, na kamba irudi.

Wameshaumana

Watenganishe kwa kitu: mto, kiti, blanketi juu ya vichwa, maji. Mkono usiuingize katikati.

Kisha paka aende kwa daktari hata kama unaona tundu dogo tu. Jino la mbwa huingia padogo, lakini taya linapobana na kutikisa huchana misuli na viungo vya ndani chini ya ngozi iliyoonekana nzima. Jino la paka nalo ni kama sindano: linapanda bakteria chini, juu panajifunga, na siku mbili baadaye kuna jipu. Ukiumwa wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali, hasa kama historia ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya mbwa huyo huijui. Chanjo hiyo, kwa wote wawili, ilipaswa kutangulia kila kitu nilichoandika hapa.

Ikishindikana

Wapo mbwa ambao hawatakaa na paka. Mbwa aliyewahi kuua paka, au ambaye baada ya wiki kadhaa za kazi ya kila siku bado hakusikii paka akiwa chumba cha pili, simjaribii uhai wa paka wangu. Tafuta mkufunzi anayefundisha kwa tuzo akamtazame kwa macho yake. Akikubaliana nawe, mbwa atafutiwe nyumba isiyo na paka, na uwaambie wanaomchukua ukweli wote, pamoja na siku na namna ilivyotokea, ili wasije wakagundua wenyewe.

Wengine huishia katikati, kama sisi. Bobi na Chausiku hupita koridoni leo bila kutazamana, na jioni kila mmoja ana upande wake wa kochi. Tukitoka nyumbani bado kila mmoja anakuwa na mlango wake. Geti halijawahi kuondolewa. Tulilikata tundu chini, upana wa paka mmoja, na Bobi amelipima kwa kichwa chake mara nyingi tu.